Kava la grainda lisitolewe

Ukipita karakana za mageti pale Gerezani, Dar es Salaam, hutachelewa kuona grainda isiyo na kava. Aliyeishika mara nyingi ni kijana, saidia fundi, kavaa kandambili na miwani ya jua. Tunasema wazi: kazi hiyo isimamishwe mpaka kava lirudi mahali pake.

Sababu ya kulitoa kila fundi anaijua. Grainda ndogo imeundwa kwa jiwe la inchi nne na nusu. Jiwe la inchi saba linakata kwa kina zaidi na kudumu zaidi, ila kava haliliruhusu kuingia. Basi kava linafunguliwa, linatupwa chini ya meza, na halitafutwi tena. Sasa tazama maandishi ya jiwe lenyewe. La inchi saba kwa kawaida limeandikwa kikomo cha mizunguko 8,500 kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka kama 11,000. Kwa mwendo huo ukingo wa jiwe unapita kilomita 370 kwa saa, ilhali limetengenezwa kuvumilia 288 tu. Likipasuka, vipande vinaruka kwa kasi hiyohiyo, na kitu pekee ambacho kingevizuia visifike usoni au shingoni kiko chini ya meza.

Hatari ya pili haina kelele. Fundi anayetaka kuunga pleti nene huchonga kwanza kingo zake kwa mshazari, nyuzi 30 hivi kila upande, ili weldi ipenye mpaka chini. Hiyo ni kazi ya jiwe la kusagia, lile nene la milimita 6. Lakini kwenye mashine limeshafungwa jiwe la kukatia, jembamba, na spana ya kulifungulia haionekani, na mteja anasubiri. Kijana analilaza jiwe jembamba ubavu na kuanza kusaga nalo. Halikuundwa kubanwa ubavuni. Linaingia ufa ambao macho hayauoni, na pengine litamvunjikia kesho mtu mwingine kabisa, asiyejua lilitumikaje jana. Mawe haya yana hata tarehe ya mwisho wa matumizi, imegongwa kwenye pete ya chuma katikati. Wangapi huisoma kabla ya kununua?

Tumechoka kusikia kwamba vijana hawajali. Saidia fundi hanunui mawe, hapangi muda wa kazi, na akidai miwani ya kazi anaambiwa kuna wenzake wanaoitaka nafasi yake. Mwenye karakana ndiye mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka ampe mfanyakazi vifaa kinga, na jua kali au kibanda cha mabati si msamaha. Kijana akipoteza jicho bila mwajiri kuwa amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huenda familia yake ndiyo ikabaki kuchangishana nauli ya kwenda Hospitali ya Muhimbili.

Wakaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, tunawaomba waingie vichochoroni, si kwenye viwanda vyenye mageti na walinzi pekee. Waanze kwa kufundisha. Anayerudia ndipo atozwe faini. Wauza vifaa nao wamuulize mnunuzi wa jiwe la inchi saba ana mashine gani kabla ya kupokea hela yake.

Kwa wenye karakana, kuna la kufanya leo hii ambalo gharama yake ni kipande cha kamba. Fungeni spana kwenye waya wa grainda, karibu kabisa na plagi. Anayetaka kubadili jiwe hataihangaikia tena spana, na ili aifikishe kwenye jiwe itambidi kwanza achomoe mashine kwenye umeme.