Taa ya Noeli Imsubiri Mpita Njia

Bwawa la umeme la Tshopo, Kisangani, lina mitambo mitatu, jumla yake megawati 19 hivi, na mahitaji ya jiji yamekwisha kulizidi. Ndiyo maana pambo la Noeli mjini halifai kuwaka usiku kucha likimulika ukuta mtupu. Kihisi cha mwendo, chenye kunasa joto la mwili, huliwasha mtu akifika umbali wa mita chache, kisha hulizima. Tupige hesabu. Taa kumi za LED hula kama miliampea 200; wakipita watu 100 kwa usiku, nusu dakika kila mmoja, ni dakika 50 tu. Betri moja nzima ya miliampea-saa 2,000, iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu, ukianza Noeli itafika Bonane, hata ukiongeza spika ndogo ya kengele.

Wapo watakaosema ni mchezo wa watoto. Na uwe mchezo: kijana anayeunganisha kihisi, transista na betri anajifunza kazi ileile ya kufunga king'ora dukani. Malalamiko ya kelele yana uzito zaidi. Mtaani nyumba zimebanana, basi kengele inyamaze mapema, taa iendelee. Joto nalo hupumbaza kihisi hewa inapokaribia joto la mwili, lakini nani huwasha Noeli saa sita mchana?