Mwacheni Mtoto Aombe Tena

Leo nitasema jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda, na mnivumilie.

Siku hizi tuna mtindo wa kumlinda mtoto na dua yake mwenyewe. Mtoto anaomba kitu, siku zinapita, hakijaja, sisi wakubwa tunaingiwa na huruma tunamwambia basi mwanangu, omba kingine. Binti yangu ana miaka minane. Tangu akiwa na minne anaomba apate mdogo wake. Kila baada ya Magharibi, mikono juu, kwa Kiswahili chake mwenyewe, anaomba mtoto mchanga "asiyelia sana usiku." Jamaa wanaokuja kwetu wanamsikia. Mmoja wa shangazi zake aliniita pembeni akanambia, mkataze huyu mtoto, anaumia na wewe unaumia. Najua alisema kwa mapenzi. Lakini sijamkataza, wala sitamkataza.

Kwa sababu nikimkataza namfundisha nini? Namfundisha kuwa dua ina muda wa kwisha kama vocha ya simu. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa mja hujibiwa maadamu hafanyi pupa akalalamika kwamba ameomba na hakujibiwa. Sasa mtoto hajachoka, sisi ndio tumechoka kumsikiliza, halafu tunamvika uchovu wetu.

Wapo na wa upande wa pili, wanaowaambia watoto "omba tu utapata," kama kwamba ni kwenda Darajani na pesa mkononi. Huko nako sikubaliani. Mtoto akiahidiwa kuwa akiomba baiskeli ataletewa, na baiskeli isije, ataona ama Mola hasikii ama hampendi yeye. Mzazi ndiye aliyeahidi, lakini lawama mtoto anaipeleka juu. Ahadi ya dua tuiseme kama tulivyoipokea. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Muislamu akiomba dua isiyo na dhambi wala kukata udugu, hupewa moja katika matatu: atapewa alichokiomba, au atawekewa akiba ya Akhera, au ataepushwa na shari ya kiasi hicho. Mtoto wa miaka minane anaelewa akiba, ana kibubu chake. Anaelewa na kinga. Ila ukimpa maneno hayo juu juu, siku ile ile anayolia, yatamfikia kama kisingizio. Yanataka kutanguliwa na visa.

Na visa tunavyo, tatizo ni namna tunavyovisimulia. Tunavimaliza haraka mno! Nabii Zakariya aliomba mtoto akapewa Yahya, tamu, kalale. Mtoto anabaki akidhani Nabii Zakariya alisubiri dakika mbili. Kaa naye pale katikati. Mwambie alikuwa mzee, mifupa imedhoofu, kichwa cheupe kwa mvi, mkewe hazai, na bado aliita kwa siri akijua kuwa kabla ya hapo hakuwahi kurudishwa patupu na Mola wake. Mwambie Nabii Yaqub alimpoteza Yusuf akiwa mtoto, na walipokuja kuonana Yusuf alikuwa mtu mzima aliyekabidhiwa hazina za Misri. Hapo katikati mzee alilia mpaka macho yakaingia weupe. Na katika huzuni ile ile aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, akiwakataza kukata tamaa. Mnaona? Dua mdomoni na miguu njiani. Bibi Hajar naye alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, na maji hayakutoka kwenye kilima alichokuwa anakikimbilia, yalitoka alipomwacha mtoto. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo, binti yangu ataniuliza mwenyewe, sasa kwa nini alikimbia? Swali hilo nalipenda kuliko jibu lolote la kukariri.

Kipo kisa kimoja ambacho akina mama wengi tunakiruka kwa sababu tunakiogopa. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume wetu aliomba mambo matatu kwa ajili ya umma wake. Wasiangamizwe wote kwa ukame, akapewa. Wasiangamizwe kwa gharika, akapewa. Wasigombane wao kwa wao, hilo hakupewa. Nilipomsimulia binti yangu alitoa macho: "Hata Mtume aliambiwa hapana?" Nikamwambia ndiyo, na hakuna kiumbe anayependwa zaidi yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa cha kumpa mtoto aliyemuombea bibi yake apone na bibi akafariki. Kuambiwa hapana si kuchukiwa. Tusimwache mtoto agundue hilo peke yake siku ya msiba.

Kitu kingine kinachonikera ni dua kutumika kama fimbo. Mtoto kachukua kalamu ya mwenzake, mtu mzima anasema atasomewa Halbadiri. Kisha tunataka mtoto huyo huyo akimbilie dua akiwa na shida! Atakimbilia vipi kitu alichotishiwa nacho?

Dua za Kiarabu wanazojifunza chuoni ni hazina, tuzishike, na wafundishwe maana yake. Lakini nje ya sala mwacheni mtoto azungumze na Mola wake kwa lugha anayoombea maji ya kunywa. Aliyezoea kukariri tu, siku moyo ukimjaa hatakuwa na neno.

Wengine mtauliza haya yanawahusu nini mabibi harusi wanaosoma hapa. Yanawahusu sana. Ninashona magauni ya harusi, na wateja wangu wengi wanarudi baada ya mwaka, miwili, kushona nguo za harusi za mashoga zao. Wakati wa kupima naona wanavyojikunja, maana kila shughuli waliyokwenda watu wamewatazama tumbo kabla ya kuwatazama uso. "Bado tu?" Wengi wakifika hapo wanaona haya hata kusikiwa wakiomba, wanaomba usiku chini ya shuka. Kuomba usiku kuna fadhila zake, hilo halina mjadala. Ila na mume akusikie mchana. Kaeni pamoja baada ya Isha, hata dakika tano, kabla hamjapata mtoto wa kumfundisha, na kila mmoja aseme haja yake mwenzake aitikie amin. Na hospitali nendeni wawili, si mke peke yake na mume anasubiri majibu barazani. Binti yangu anajua mama anameza dawa na anajua mama anaomba, na haoni mgongano wowote kati ya viwili hivyo. Mgongano tunauona sisi wakubwa.

Akipatikana mtoto, inshaallah, atazaliwa amekuta mazoea hayo ndani ya nyumba. Mvua ni miongoni mwa nyakati zinazotajwa kuwa dua hupokelewa. Masika yakianza, badala ya kupiga kelele waingie ndani watalowa, simameni nao barazani dakika chache, kila mmoja aombe lake kwa sauti. Wa mwisho wa jirani yangu mwaka jana aliomba paka mwenye madoa. Wote tuliitikia amin.