CHUO KIKUU KIKO HAPO TU, TWANGOJA NINI KUBISHA HODI?

Ndugu msomaji, mwaka huu sitaki kuandika juu ya mihadarati wala mapenzi ya shuleni, kwani najua wenzangu wamezijaza kurasa hizo tele. Mimi naandika juu ya ngazi. Naam, hizi hizi ngazi za jengo letu la ghorofa, ambazo sisi wanafunzi wa kutwa huzishuka mbio kengele ya jioni ikilia, hasa mvua ya Kakamega ikishatanda na nauli ya matatu iko karibu kupanda.

Tarehe 3 Februari 2020 nilikuwa darasa la tano. Jioni hiyo wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani, mkanyagano ukatokea. Watoto 14 walipoteza maisha. Mama alizima redio nisisikie, lakini mtaa mzima ulikuwa ukilia, ningekosaje kujua?

Wengi hudhani wanaokufa katika mkanyagano huuawa na miguu ya wenzao. Mara nyingi sivyo. Mmoja huanguka mbele, wa nyuma hawamwoni, nao wanazidi kusukuma. Kifua kikibanwa pande zote hakiwezi kupanuka, na mtu hukosa pumzi hata akiwa bado amesimama wima. Haya si mambo ya shetani wala laana, kama nilivyowasikia wazee fulani wakisema kilioni. Ni mambo yanayopimika, na yakipimika yanazuilika.

Na wanaoyapima wako wapi? Wako papa hapa mjini! Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kilikuwa na kituo cha kushughulikia majanga na misaada ya kibinadamu, na siku hizi kina skuli nzima ya fani hiyo. Watu hutoka mbali kuja kuisomea. Sisi tunapita langoni kila asubuhi tukitazama tu, kama watu wa Ziwa Viktoria wanaolia kiu.

Muhula uliopita mvua ilinyesha kengele ikilia. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliteleza katikati ya ngazi. Alishika chuma cha pembeni, akainuka, kiatu kimoja kikapotea. Tulicheka. Hata mimi nilicheka, na hadi leo sijui nilikuwa nacheka nini. Kesho yake nikaleta saa ya mkononi: tangu kengele hadi mtu wa mwisho kukanyaga chini, dakika nne na nusu. Kuna mlango wa pili upande wa nyuma, lakini una kufuli, na ufunguo anao bawabu, naye bawabu jioni yuko langoni.

Katika mdahalo wetu wa Ijumaa ndugu mmoja alinipinga eti kazi ya chuo kikuu ni utafiti na digrii, si kuja kuhesabu ngazi za shule ya kutwa. Namheshimu, lakini hapo alipotoka. Utafiti unafanywa wapi, hewani? Wale wanafunzi wao wanahitaji mahali pa kujifunzia kazi, nasi tunahitaji mtu wa kutuambia ni darasa gani litoke kwanza, mwalimu wa zamu asimame wapi, na zoezi la dharura lifanywe vipi bila watu kuligeuza mchezo. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, nao unataka milango ifunguke kwa nje. Wa kwetu unafunguka kwa ndani. Nimeujaribu.

Tena silaumu chuo. Mgeni haji bila kualikwa, na sisi hatujawahi kumwalika. Tunaalika wasemaji wa kutupa moyo kabla ya mtihani, tunaalika wanamuziki, lakini mtu wa kutazama ngazi hapana.

Basi mimi na katibu wa chama tumekwisha andika barua ya mwaliko. Iko mezani kwa mlezi wetu tangu Jumatatu, inangoja muhuri. Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, najua jarida hili hukufikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Twaomba muhuri, na ule ufunguo wa mlango wa nyuma apewe mwalimu wa zamu leo jioni.