Afya ya Mtoto: Mama Asilaumiwe Peke Yake

Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri anapata homa. Baada ya siku chache maneno yanampotea, anashindwa kumeza, viungo vinakakamaa, pengine degedege linamshika. Hapa kwetu Moshono, kama kwingineko, maneno nayo huanza: ukoo wa mama una nini? Amemlisha nini mtoto?

Dalili hizo zina sababu nyingi, malaria na homa ya uti wa mgongo zikiwa mbele, kwa hiyo mtoto akimbizwe hospitali kwanza. Lakini upo ugonjwa mmoja wa nadra ambao twapenda akina mama waujue, kwa kuwa hutibika kwa vitamini. Mwaka 1998 madaktari wa Saudi Arabia walieleza habari za watoto 10 wa namna hiyo. Walipopewa vitamini iitwayo biotini kwa wingi, walipata nafuu kwa siku chache. Ilipoachwa, ugonjwa ulirudi. Mwaka 2005 jeni yenye kasoro ikajulikana, nayo huitwa SLC19A3.

Kazi ya jeni hiyo ni kuupa mwili maelekezo ya kutengeneza mlango wa kupitishia vitamini B1 kuingia ndani ya seli. Mlango ukiwa mbovu, mitokondria, yaani yale majiko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu, hukosa B1 ya kutosha. Ubongo hutumia nguvu nyingi, kwa hiyo huumia mapema, hasa wakati wa homa. Maharage na uji wa dona ni vyakula vizuri, ila kwa mtoto huyu havitoshi hata mama apike kwa bidii namna gani.

Na baba je? Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu ni mzima kabisa, wala hajijui. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Ndugu wa damu wakioana, hatari huongezeka.

Siku hizi mtoto hupewa biotini pamoja na B1, kwa kipimo cha daktari, maisha yake yote. Akicheleweshwa, ubongo huharibika, hata kufa anaweza. Ndiyo maana daktari akishuku huanza dawa bila kungoja majibu ya jeni. Kama nyumbani aliwahi kufa mtoto mwingine kwa hali hiyo, mwambieni daktari bila kuficha, na baba awepo.