Darasa la Picha Baada ya Isha



Kwa wiki kadhaa sasa baadhi ya waumini wenzetu hapa Tabata wamekuwa wakiuliza kwa nini taa za chumba cha madrasa hazizimwi baada ya swala ya Isha. Sababu ni kwamba pana darasa. Jioni tatu kwa wiki watu kumi na wanne hukaa mbele ya kompyuta sita za mitumba kujifunza kuhariri picha, akina mama upande wao na wanaume upande wao. Wamo vijana waliomaliza kidato cha nne na hawajapata kazi, yumo dereva wa bodaboda wa Barakuda, wamo mama wawili wanaotengeneza kadi za harusi, na yumo mzee mmoja mstaafu ambaye tutamtaja tena hapo mbele. Sisi wa kamati tuliingia kwanza kama wasimamizi wa chumba na umeme. Siku ya pili tulivuta viti, tukakaa na wanafunzi.

Yupo aliyetuuliza kwa ukali: msikiti na picha wapi na wapi? Suali lake lina haki. Wanazuoni wamekhitalifiana katika picha ya kamera tangu ilipoenea katika nchi za Kiislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika risala ya kuihalalisha, hoja yake ikiwa kwamba kamera haiumbi kitu bali huzuia kivuli cha kilichoumbwa tayari. Wapo waliomkatalia, wakairuhusu picha kwa dharura tu kama vitambulisho na hati za safari. Hatukusudii kumaliza katika safu hii khitilafu ambayo wenye elimu hawajaimaliza. Tunasema tu kwamba picha zimekwisha kuingia majumbani mwetu: zimo katika kitambulisho cha taifa, zimo katika pasipoti ya anayekwenda Hijja, zimo katika simu anayolala nayo binti yetu chini ya mto. Kitu kilichomo ndani ya nyumba ni lazima mwenye nyumba akijue.

Mwalimu, kijana aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi katika duka la steshenari, alianza na mkeka. Alisema picha ya simu ni mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo vya mraba viitwavyo pikseli. Kila kipande kina rangi moja tu, na rangi hiyo ni tarakimu tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, kila moja ikianzia 0 hadi 255. Zikichanganywa, hupatikana rangi zaidi ya milioni 16. Simu ya kawaida hupiga picha yenye vipande 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, yaani milioni 12. Kuhariri picha, kwa hiyo, ni kubadilisha tarakimu za vipande hivyo, si zaidi. Mama mmoja alisema hapo ndipo alipoacha kuiogopa kompyuta, kwa kuwa kusuka mkeka anakujua.

Elimu hiyo ndogo ilitatua tatizo linalowasumbua wengi. Mtu anatumiwa na ndugu yake wa Muscat picha nzuri kwa WhatsApp, anaipeleka kuchapishwa ya kutundika ukutani, inatoka ina ukungu. Analaumiwa mchapaji. Kumbe picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa vipande ili iende upesi, na uchapaji mzuri huhitaji vipande vipatavyo 300 katika kila inchi. Ile ya simu, ikiwa kamili, hutosha karatasi ya inchi 13 kwa 10. Ikipunguzwa, haitoshi hata nusu yake. Dawa ni kumwambia ndugu aitume kama faili. Lakini pana jambo la kuangalia: picha kamili mara nyingi hubeba ndani yake saa ilipopigwa na, ikiwa simu imeruhusiwa, mahali ilipopigwa. Anayetuma faili la picha ya mwanawe kwa mtu asiyemjua vizuri huenda anamtumia na njia ya kufika nyumbani.

Programu tunayotumia inaitwa GIMP. Waliianza mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu hapo hutolewa bure kwa kila mtu kwa ridhaa ya wenyewe. Wapo vijana waliotaka Photoshop, ambayo ndiyo inayotumika madukani, na mmoja alijitolea kuleta nakala iliyovunjwa kufuli. Tulimshukuru kwa nia yake, tukamkatalia. Mali ya mtu ni mali ya mtu hata kama haishikiki kwa mkono.

Kazi yenyewe si ngeni katika pwani yetu. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio nyingine za zama zile, zilifanya kazi wakati ambapo fundi alichukua penseli iliyochongwa vizuri akapitisha juu ya mkanda kuondoa kovu au mkunjo wa uso. Kule Lamu, marehemu Omar Said Bakor alisifika kwa picha za kuunganisha, ambazo ndani yake vitu vya picha mbali mbali vilikutanishwa katika picha moja, na alifanya hivyo miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kisiwani. Wazee wetu hata kuitoa picha katika mkanda walikuita kusafisha, nasi tunalipenda neno hilo, kwani linaacha swali la nini hasa kinachosafishwa.

Swali hilo lilikuja darasani kwa yule mzee mstaafu. Alileta picha ya marehemu baba yake, iliyopigwa Tanga kabla ya Uhuru, imekunjwa mara nne ndani ya msahafu. Ufa mmoja ulipita kwenye kanzu, mwingine ukakata uso na kulifuta jicho la kushoto. Mwalimu akaionyesha zana ambayo huchukua vipande vya mahali pazima na kuvipiga kama muhuri juu ya mahali palipoharibika. Kanzu ilipona kwa dakika kumi. Kwa jicho, akachukua lile la kulia, akaligeuza, akalipachika kushoto, akalainisha kingo. Darasa zima likasema mashaallah.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, Allah akulipe kheri," alisema. "Lakini hilo jicho si la baba. La kushoto lilikuwa dogo kidogo, nami ndilo nililolirithi." Akaomba ufa wa uso urudishwe ulivyokuwa. Mwalimu akalifuta tabaka la jicho, maana katika programu hizi kila marekebisho huweza kuwekwa katika tabaka lake juu ya picha ya asili, kama karatasi ya plastiki juu ya kitabu, na huondolewa bila ya kuiumiza ya chini. Jioni ile tuliona kwamba kanzu na jicho ni mambo mawili. Uzi wa kanzu uliopo huthibitisha ulivyokuwa uzi uliofutika. Jicho moja halithibitishi jingine.

Zana ile ile ya muhuri ndiyo iliyomfukuzisha kazi mpiga picha mmoja wa Lebanon, Adnan Hajj, mwezi Agosti 2006. Alikuwa akiliuzia picha shirika la habari la Reuters wakati Beirut ikipigwa mabomu. Katika picha mojawapo moshi ulizidishwa kwa kunakiliwa tena na tena, hadi mawingu yake yakafanana kama chapa za mhuri mmoja. Watazamaji wakagundua. Reuters ikavunja uhusiano naye na kuziondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa. Beirut ilikuwa ikiungua kweli, ndugu msomaji. Moshi wa kweli ulitosha. Moshi wa kuongeza ukawapa waliotaka kuukanusha msiba ule kitu cha kushika mkononi.

Na mwaka 2010 gazeti la Al-Ahram la Misri lilichapa picha ya viongozi watano wakitembea ndani ya Ikulu ya Marekani, Hosni Mubarak akiwa mbele yao wote. Katika picha ya asili aliyetangulia ni Barack Obama, na Mubarak alikuwa nyuma, pembeni. Mhariri aliitetea kuwa ni picha ya kueleza maana. Mwaka uliofuata Mubarak hakuwa tena madarakani. Hatusemi picha ndiyo iliyomwondoa. Tunasema watu wake walikwisha kujua jinsi wanavyoonyeshwa mambo.

Mifano hiyo iko mbali, na ilikuwa rahisi kwetu kuitolea hukumu. Wiki ya tano jaribio likaja mlangoni. Kijana mmoja, mwenye kipaji cha wazi, alichukua picha ya msikiti wetu, ambao mnara wake umesimama kwenye nondo kwa muda sasa, akaukamilisha mnara kwa vipande vya mnara wa msikiti mwingine. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba hata sisi tunaopita hapo mara tano kwa siku tuliduwaa. Mmoja wetu katika kamati akapendekeza itumwe kwa wafadhili ili waone mchango wao ulipofikia, "wapate moyo," alisema, "na nondo zitafunikwa upesi zaidi." Mjadala ulikuwa mrefu na haukuwa wa upole. Aliyetoa rai si mtu mwovu. Ameubeba ujenzi ule mabegani kwa miaka. Kilichomaliza maneno ni kukumbushwa ile hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ya Mtume, rehema na amani za Allah zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, juu pakavu na chini pana majimaji. Mfanyabiashara alijitetea kuwa ni mvua. Hakukemewa kwa kulowa kwa nafaka. Alikemewa kwa kuliweka lililolowa chini. Nasi nondo zetu zikae juu. Picha ya kijana ilitumwa pamoja na ile ya nondo, na juu yake pakaandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mchoro wa jengo linalotarajiwa.

Hata hivyo lililotushughulisha zaidi ya mnara ni harusi. Wale mama wawili wa kadi walituambia jambo ambalo wanaume hatukuwa tumelifikiria. Siku ya hina, siku ya singo, ukumbini ambamo mwanamume haingii, mpiga picha huwa ni dada wa familia, na watu huridhika kwamba stara imelindwa. Keshoye ile kadi ya kamera hupelekwa kwa fundi ili ang'arishe nyuso na kupanga albamu. Fundi ni mwanamume, tena si mmoja: ni wote wanaokaa kwenye kompyuta ile ya duka. Bibi harusi aliyejifunika mbele ya shemeji zake anatazamwa, akiwa amesuka na mabega wazi, na watu wasiojulikana hata majina. Anapoambiwa fundi kwamba azifute, anafuta, na kwa kawaida kufuta kwenye kadi ni kuandika tu kwamba nafasi ile ni tupu. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine ikae juu yake, na zipo programu za kuirudisha. Mwalimu alitufanyia hilo mbele ya macho yetu, kwa picha za ng'ombe.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo lililokusudiwa na azilinde. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kughushi kwa kompyuta na kueneza taarifa za uongo. Mwenye kudhulumiwa asinyamaze. Lakini sheria huja baada ya picha kuenea, na picha iliyoenea hairudi.

Rai yetu ni kwamba kuwapo kwa wanawake mafundi wa picha katika kila mtaa wa Waislamu kumefikia kuwa jambo la kutazamwa kama tunavyowatazama wakunga na waosha maiti wa kike: wakikosekana, jamii yote inaulizwa. Tunajua wapo wazazi wanaoona kompyuta za usiku si mahali pa binti. Tunawauliza tu kwa upole, picha za binti huyo huyo siku ya ndoa yake watampa nani?

Kwa ajili hiyo kamati imekubali darasa la akina mama peke yao, Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri, ili pasiwepo udhuru wa usiku. Mmoja wa wale mama wa kadi ndiye atakayefundisha, na mwalimu wetu atamwandalia masomo. Ada itakuwa ya kuchangia umeme tu. Kinachokosekana ni kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya kadi za kamera na diski ambazo wateja watazileta, pamoja na daftari la kuandika kilichopokelewa, tarehe ya kufutwa, na saini ya mwenyewe aliyeshuhudia kikifutwa. Daftari tumekwisha kulinunua. Mwenye kabati, hata la mitumba, atukute msikitini baada ya Ijumaa.

Yule mzee, kwa waliouliza, ameichapa picha ya baba yake kwa ukubwa wa karatasi ya A4, kanzu nzima na ufa usoni, nakala saba, moja kwa kila mtoto.