Spana kwanza, Subaru baadaye

Tulishuka Kikuubo, Kampala, kumnunulia kijana wetu spana za kuanzia gereji. Yeye kichwani ni Subaru za mbio tu! Tukachukua seti ya bei ya chini, inang'aa kweli. Kumbe chuma laini: siku ya kwanza mdomo ukapanuka, pembe za nati zikalika, na pesa za kumlipa mwenye gari tukachangishana.

Seti nzima ya nini? Nunueni spana za pete, namba 10, 12, 14 na 17. Pete inakumbatia nati pande zote, haitelezi ovyo. Boliti nyingi za Toyota ni saizi hizo, na hata hiyo Subaru yake, hizo hizo. Jumatatu amerudi kwa fundi wake na spana nne mfukoni.