Ukimfundisha mwenzio kazi, wewe utakula nini?

Ndugu zangu, nimerudi. Nilikuwa Kisaki kwa siku tatu nikifuatilia habari ya bei ya ufuta, na kama kawaida, habari niliyotumwa siyo iliyonikaa kichwani. Kwa wasiopajua, Kisaki iko Morogoro Vijijini. Kutoka mjini unaizunguka milima ya Uluguru, unapita Matombo, Mvuha na Bwakira, unakula vumbi la kutosha, halafu unatokea kwenye stesheni ya reli ya TAZARA, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Jioni moja nilikaa na mzee mmoja pale Kituoni ambaye ujanani alikuwa kibarua wakati reli inajengwa. Baada ya shikamoo na habari za mashamba, nikamuuliza: "Mzee, Mchina hajui Kiswahili, wewe hujui Kichina. Kazi ulijifunzaje?"

Akacheka. "Alikuwa anafanya yeye, mimi natazama. Halafu nafanya mimi, yeye anatazama. Nikikosea tunafumua, tunaanza upya."

Nikamchokoza: hakuogopa kwamba ukishajua utamnyang'anya kazi yake? Mzee akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto wa mjini. "Mjukuu wangu, yule alikuwa anataka kurudi kwao. Mimi nisipojua, yeye anarudije?"

Jamani, jibu hilo limeninyima usingizi.

Tukumbushane kidogo. Mkataba wa reli hii ulisainiwa Beijing mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa 1970, na mwaka 1976 ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini kabla ya yote hayo, mwaka 1964, Waziri Mkuu wa China Zhou Enlai alipotembelea Afrika alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Mojawapo ilisema kwamba wanapotoa msaada wa kiufundi watahakikisha watu wa nchi inayosaidiwa wanaimudu kazi yenyewe sawasawa. Nyingine ilisema wataalamu wao wataishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wenyeji, bila kudai makubwa. Yaani kufundisha hakukuwa hisani ya fundi mwenye roho nzuri. Kulikuwa sehemu ya kazi aliyotumwa.

Sasa turudi kwetu, maofisini.

Nilipomaliza chuo na kuanza kazi gazetini, nilikuta kaka mmoja mkongwe aliyekuwa bingwa wa ripoti za CAG. Ripoti ikitoka sisi wengine tunahangaika na muhtasari, yeye jioni ana habari ya ukurasa wa mbele. Nilimwomba anifundishe. Alinijibu kwa upole, "Utazoea tu, mdogo wangu." Nikamwona mchoyo. Nikamsema sana pembeni, na digrii yangu mfukoni.

Baadaye wakaja kupunguza watu, naye akawemo. Akaondoka na daftari lake, na namba za simu alizokusanya miaka yote. Ripoti iliyofuata ilipotoka, chumba kizima cha habari tuliandika kile kile kilichosemwa kwenye mkutano na waandishi. Msomaji wa Mvuha, ambaye pesa za barabara yake ndizo zimo kwenye majedwali ya nyuma, hakupata kitu.

Basi nikajifunza mwenyewe, kwa taabu. Nikagundua usianzie kwenye muhtasari. Nenda kwenye viambatisho, kisha linganisha na hoja za miaka ya nyuma ambazo hazijajibiwa. Habari iko hapo. Na mwaka huu binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akaniuliza hayo hayo. Mnajua nilimjibu nini? "Utazoea tu, mdogo wangu."

Nimejiuliza kwa nini. Mimi si mchoyo, angalau nisingependa kuitwa hivyo. Lakini nalipwa kwa habari inayotoka. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Nikimfundisha yule binti leo, kesho ukurasa wa mbele ni wake na bajeti ya ofisi ni ile ile. Ujuzi wangu ndiyo akiba yangu, kwa sababu nyingine sina. Nadhani hata yule kaka alikuwa akihesabu hivyo hivyo, na hesabu yake haikuwa mbaya. Ila alipunguzwa pamoja na siri zake.

Ndiyo maana sikubaliani na mabosi wanaotuita semina, wakatugawia chai na sambusa, wakatuhubiria umoja kazini. Mtu hafichi ujuzi kwa kukosa mahubiri. Anaficha kwa sababu ofisi imempangia kupoteza akiutoa.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Julian Orr, aliwafuatilia mafundi wa mashine za kunakili za Xerox na kuandika kitabu mwaka 1996. Aliona kwamba vitabu vya maelekezo havikuwatosha. Walisaidiana kwa kusimuliana hadithi za mashine sugu, wakati wa kula na kunywa kahawa. Aliyesimulia mkasa mgumu alipata heshima mbele ya mafundi wenzake. Wahenga wetu walishasema, chanda chema huvikwa pete.

Kwa hiyo hoja yangu ni fupi. Mpe mtu uhakika wa kazi ili asione mwanafunzi wake kama adui. Kufundisha kuandikwe kwenye majukumu yake na kupewe muda, siyo baada ya saa za kazi. Na habari ikitoka, jina la aliyeelekeza liwepo pia. Hayo hayahitaji mfadhili.

Najua kuna atakayesema Wachina nao hawakumaliza kazi, maana miaka ya 1980 wataalamu wao waliitwa tena kusaidia kuiendesha reli. Ni kweli, na ndiyo maana naandika. Kufundishwa mara moja hakutoshi kama wale waliofundishwa hawana sababu ya kuwafundisha wanaowafuata. Septemba 2024, China, Tanzania na Zambia zilisaini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Fedha zitatajwa sana na mabehewa yatapigwa picha. Mimi ningependa kuona palipoandikwa nani atamfundisha nani, na mwalimu atapata nini.

Huo ni mtazamo wangu, mnaweza kunikosoa. Lakini nisiwasubiri mabosi. Jumatatu nitamtafuta yule binti, tukae na ripoti moja ya zamani. Nitafungua mimi, yeye atazame. Halafu afungue yeye, mimi nitazame.

Akininyang'anya ukurasa wa mbele, nitawaambieni.